Ziwa Victoria likijaa tunailaumu Jinja. Hebu tuufuate mto wenyewe, toka Rutovu mpaka kwenye mageti

Jabali la Capripoint

Wakuu, salaam.

Masika yakikolea tu, ukipita Kirumba mwaloni au kijiwe chochote cha Igogo hapa Mwanza utaisikia: "Waganda wamefunga maji Jinja, wanatuzamisha." Mwaka 2006 ziwa lilipokimbia na mitumbwi ikawa inaburuzwa kwenye tope, kesi ilikuwa hiyo hiyo ila kinyume: "Waganda wamefungulia, wanatukausha." Jinja, mji wa Uganda ambako Nile inatoka ziwani na ambako kuna bwawa la umeme, ina hatia masika, ina hatia kiangazi.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kupinga ajue anapinga nini. Ya 2006, Jinja ina kesi ya kujibu. Ya 2020 na 2024, ziwa lilipofurika, tunaisingizia. Kwa nini moja ndiyo na nyingine hapana, huwezi kuona mpaka uufuate mto wote, kwa hiyo vumilieni urefu wa uzi.

Tuanzie juu. Mto mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani kwetu ni Kagera, na Kagera ina matawi mawili. La kusini linaanzia Rutovu, Burundi, kwenye chemchemi ndogo ambayo Mjerumani Burkhard Waldecker aliitangaza kuwa ndiyo chanzo cha Nile kilicho kusini kuliko vyote; mwaka 1938 wakajenga piramidi ndogo pale kilimani. Maji yale yanaingia Ruvyironza, Ruvyironza inaingia Ruvubu. Tawi la pili linatoka msitu wa Nyungwe, Rwanda: hiyo ni Nyabarongo, nayo inaichukua Akanyaru njiani. Matawi haya yanakutana jirani kabisa na maporomoko ya Rusumo, pale Ngara inapopakana na Rwanda.

Rusumo sasa kuna mtambo wa megawati 80, wa nchi tatu: Tanzania, Rwanda na Burundi, kila mmoja theluthi yake. Wapo wanaodhani na pale maji "yamezuiwa". Hapana. Mtambo ule unatumia mto jinsi unavyokuja: maji yanazungusha mashine na kuendelea na safari.

Kutoka Rusumo mto unaelekea kaskazini, umekuwa mpaka wetu na Rwanda, unazubaa kwenye mabwawa ya mafunjo na vijiziwa vya Hifadhi ya Akagera. Ukifika pande za Murongo unakata kona kuelekea mashariki, unakuwa mpaka wetu na Uganda, kuna mtambo mwingine mdogo Kikagati, halafu unaingia ndani ya ardhi yetu, unapita Kyaka, unaipokea Ngono kutoka kusini, na mwisho unamwaga ziwani kidogo tu kaskazini mwa mpaka, upande wa Uganda. Yaani kutoka Rusumo umetembea nasi karibu safari nzima, mdomo ukaenda kuuweka kwa jirani!

Kagera peke yake inaleta karibu theluthi moja ya maji yote yanayoletwa na mito. Wakenya wana Nzoia, Yala, Nyando, Sondu Miriu na Gucha-Migori. Uganda wana Katonga, ambayo ni dimbwi refu la mafunjo kuliko mto. Sisi tuna Mara, Gurumeti, Mbalageti, Simiyu, na huku Misungwi na Kwimba ile Magogo na Moame. Mirongo yetu ya katikati ya jiji siihesabu, ile inaleta chupa za plastiki.

Sasa sikilizeni hapa. Mito hiyo yote ukiijumlisha inaleta kama sehemu moja ya tano tu ya maji yanayoingia ziwani. Zile nne zilizobaki, takribani asilimia 80, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Na kutoka ni vivyo hivyo: sehemu kubwa inapaa na jua, Nile inaondoka na kile kidogo kilichobaki.

Nakuja na upande wa Jinja. Nipeni nafasi.

Mtu wa Kyaka

Umeipita Kyaka mbio mbio mkuu, ngoja nikusaidie. Daraja la Kyaka ndilo lile majeshi ya Amin yalililipua mwaka 1978 walipoivamia Kagera. Mto ule ndio ulikuwa mstari. Jeshi letu likabidi livuke upya kwenda ng'ambo.

Na Rusumo yenyewe, kabla ya kuwa mtambo wa umeme, wengi wetu tunaijua kwa 1994. Wakimbizi walivuka darajani kwa mamia ya maelfu kuingia Ngara, na huku chini mto ukaleta maiti mpaka ziwani. Watu walisusa kula samaki, wa huku na wa Uganda. Ukisema "mito inaleta sehemu moja ya tano", sawa kwa hesabu ya maji, lakini mto unaleta na mengine.

Halafu jambo ambalo watu wa Mwanza hamlijui: sisi Kagera kwa miaka mingi umeme wetu ulikuwa unanunuliwa Uganda, unakuja kwa njia ya Masaka. Kwa hiyo mkiwa mnailaani Jinja, jueni kuna mashine za kusaga huku zilikuwa zinazungushwa na maji yale yale.

Jabali la Capripoint

Mtu wa Kyaka, asante sana, hiyo ya umeme imenikalia vizuri kwa ninachokuja nacho.

Naendelea. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea: Jinja. Zamani pale palikuwa na maporomoko ya Ripon, yale mpelelezi Mwingereza Speke aliyafikia Julai 1862, miaka minne baada ya kuliona ziwa hapa kwetu Mwanza. Ripon ilikuwa ngazi ya mawe, na hiyo ngazi ndiyo ilikuwa inaamua ziwa litoe kiasi gani. Ziwa likipanda, maji mengi yanaruka, likishuka, kidogo. Hakuna mtu aliyekuwa anashika usukani.

Mwingereza akajenga bwawa la Owen Falls, hatua chache chini ya hapo, likafunguliwa 1954. Leo linaitwa Nalubaale, megawati 180. Ripon ikazama. Kuanzia siku hiyo usukani ukawa mikononi mwa watu, na ndiyo maana kulihitajika makubaliano. Mwingereza na Misri waliandikiana barua kuanzia 1949, na kilichokuja kufuatwa ni kwamba mageti yaachie maji kwa kiasi kile kile ambacho Ripon ingeachia yenyewe kwa kimo hicho cha ziwa. Kuna mchoro kabisa wa kimo na kiasi. Misri wakapata haki ya kuweka mhandisi wao Jinja wa kuangalia vipimo, na wakalipa fidia kwa sababu bwawa lilijengwa refu zaidi ya mahitaji ya umeme, ili ziwa liweze kutumika kama ghala lao. Ghala ambalo nusu yake ni ya Tanganyika! Sisi kwenye meza ile tulikuwa koloni, aliyetusemea ni Mwingereza.

Mwaka 2000 Uganda wakaongeza Kiira pembeni ya Nalubaale, megawati 200. Hapa ndipo panapouma. Mtambo wa pili haukuja na mto wa pili. Maji ni yale yale. Ukame ulipopiga katikati ya miaka ya 2000, nchi inataka umeme, mitambo ipo, wakaachia maji kuzidi mchoro. Ziwa likashuka zaidi ya mita moja ndani ya miaka michache, mpaka 2006 likafika chini kuliko ilivyowahi kuonekana tangu miaka ya 1920. Waliopiga hesabu waliigawa lawama karibu nusu kwa nusu: ukame nusu, Jinja nusu.

Hiyo ndiyo kesi. Sikatai.

Kokoro Marufuku

Mkuu unaongea kama msemaji wao. Bwawa ni bwawa. Ukifunga, maji yanajaa. Kama 2006 waliweza kulishusha ziwa mita nzima, 2020 walishindwaje kulipandisha? Hujajibu.

Pasiansi kwa Mama Ndizi

Nimekaa mbele kabisa. Twende kazi.

Jabali la Capripoint

Kokoro, swali zuri, tena ndilo lenyewe. Chukua kalamu.

Ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi. Kulipandisha au kulishusha sentimita MOJA unahitaji mita za ujazo milioni 688. Jinja siku za kawaida inaachia kama mita za ujazo 1,000 kwa sekunde, kwa siku ni milioni 86.4. Gawanya: siku nane. Siku nane kwa sentimita moja.

Kwa hiyo chukulia wamefunga kila geti, mashine zimezimwa, Kampala giza, tone halipiti. Kwa mwezi mzima ziwa litakuwa limepanda chini ya sentimita nne. Aprili moja yenye mvua ya kutosha inaweza kumwaga juu ya ziwa sentimita 20 na zaidi. Ni sawa na kulaumu koki ya karai wakati mtu anamwagia ndoo kutoka juu.

Sasa 2006 iliwezekanaje? Kwa muda. Sema wamezidisha mita za ujazo 300 tu kwa sekunde. Kwa mwaka hiyo ni kama sentimita 14. Kwa miaka mitatu zimepita 40, na ukame juu yake. Bwawa linakula ziwa taratibu, mwaka hadi mwaka, na ndiyo maana lile lilikuwa kosa la miaka, si la wiki. Mafuriko yanakuja kwa miezi. Mwendo wa jambo lenyewe unakuambia nani kalifanya.

Na 2020 hawakufunga. Walifungulia mpaka karibu mita za ujazo 2,400 kwa sekunde, wakazamisha watu wao wenyewe kandokando ya Nile na Ziwa Kyoga. Juu ya hapo, Aprili ile kisiwa kinachoelea, mafunjo na udongo wake, kilisukumwa na upepo mpaka Nalubaale kikaziba mitambo, Uganda karibu yote ikawa giza. Mtu anayetaka kukuzamisha hawezi kuanza kwa kujizimia umeme.

Ushahidi wa mwisho, huu ndio naupenda. Miaka ile ile, Kigoma na Ujiji maji ya Ziwa Tanganyika yalikuwa yanaingia majumbani, Bujumbura vitongoji vya ufukweni vilihamwa. Ziwa Tanganyika linatokea Lukuga kwenda Kongo. Jinja yao iko wapi?

Binti wa Nansio

Kaka Jabali, wazee huku Ukerewe wanasimulia mvua za Uhuru, kwamba ziwa lilipanda likameza mashamba na halikurudi tena pale lilipokuwa. Hilo nalo ni la mvua? Maana bwawa lilikuwa limeshajengwa.

Jabali la Capripoint

Dada Binti, la mvua. Mvua za 1961 na 1962 zilipandisha ziwa mita mbili na nusu hivi kufikia 1964. Na ndiyo, hakikurudi upesi kimo cha zamani, kikakaa juu miaka na miaka hadi ule mshuko wa 2006. Ziwa Tanganyika nalo lilipanda wakati huo huo. Rekodi ile ya 1964 ilidumu hadi Mei 2020 ilipofikiwa, na 2024 ikapitwa kabisa.

Mwalimu wa Magu

Niongeze la mito ya huku, mtoa mada umeitaja kama orodha ya mahudhurio.

Simiyu ni mto wa ajabu kwa mgeni. Ukipita darajani barabara ya Musoma mwezi wa Agosti unaona mchanga, watu wanachimba visima kitandani mwa mto. Rudi Aprili, unakuta maji ya rangi ya chai ya maziwa yanakuja na magogo. Unatoka pande za Serengeti na Maswa, unaichukua Duma, unapita kwenye nchi ya pamba na ng'ombe, halafu unamwaga Ghuba ya Speke. Maji yake ni kidogo ukilinganisha na Kagera, lakini tope lake si kidogo, na pamoja na tope zinakuja mbolea na dawa za pamba. Mtu akiniuliza magugu maji yanakula nini, namwonyesha huko.

Mara ni tofauti. Hiyo ina maji mwaka mzima kwa sababu mama zake wawili, Amala na Nyangores, wanatoka msitu wa Mau, Kenya. Halafu inapita Maasai Mara na Serengeti, wale nyumbu wanaorushwa kwenye televisheni ndipo wanapovukia. Ikishaingia upande wa Butiama na Tarime inakuwa bwawa kubwa la mafunjo, linachuja tope, ndipo inapita Kirumi kuingia ghubani Musoma. Kama theluthi mbili ya bonde lake liko Kenya. Wakikata Mau, wanaohangaika kiangazi ni nyumbu na sisi.

Kwa hiyo mimi hoja yako ya kimo cha ziwa nakubaliana nayo. Ila mto mdogo kwa ujazo si mto mdogo kwa madhara. Ghuba ya Speke na Ghuba ya Mwanza zina maji mafupi, tope la Simiyu na Magogo halifiki Jinja, linabaki hapa hapa kwenye mazalia ya sato.

Jabali la Capripoint

Mwalimu, hapo umenipiga na nakubali kupigwa. Mimi nilikuwa naongelea wingi wa maji. Wewe umeleta ubora wake. Ni uzi mwingine huo, uanzishe, nitakuja.

Kokoro Marufuku

Hesabu ya siku nane nimeirudia kwa simu, inatoka hivyo hivyo. Haya. Lakini bado nauliza: kwa nini hayo makubaliano ya Misri na Mwingereza yatuhusu mpaka leo? Ihelele, kule Misungwi, tulichota maji ya ziwa bila kumuomba mtu.

Jabali la Capripoint

Yalikuwepo na ya kabla ya hapo. Mkataba wa 1929, Mwingereza alikubali kwa niaba ya makoloni yake kwamba hakuna kazi itakayojengwa juu ya Nile na maziwa yake ya kupunguza maji ya Misri bila Misri kuridhia. Serikali ya Tanganyika mwaka 1962 ikaandika kwamba Tanganyika huru haifungwi na mkataba uliosainiwa na mkoloni, na msimamo huo ukaja kufundishwa vyuoni kwa jina la Nyerere. Misri na Sudani wao 1959 waligawana mto wenyewe kwa wenyewe, mita za ujazo bilioni 55.5 na 18.5. Nchi zilizo juu ya mto hazikupewa hata kikombe.

Ihelele ndipo maneno yale yalipogeuka bomba. Maji yakachukuliwa Misungwi, yakapelekwa Shinyanga na Kahama, ujenzi ulianza 2004, Misri wakanung'unika, bomba likafunguliwa 2009 na baadaye likasogezwa mpaka Nzega, Igunga na Tabora. Na kwa hesabu yetu ya juu, bomba hilo kwa ziwa ni kama hakuna. Jua la Mwanza linachukua zaidi kabla ya saa nne asubuhi.

Mkataba mpya wa ushirikiano wa bonde la Nile, Tanzania ilisaini Entebbe mwaka 2010 siku ya kwanza kabisa pamoja na Uganda, Rwanda na Ethiopia. Ulianza kufanya kazi Oktoba 2024, baada ya Sudani Kusini kuuridhia. Misri na Sudani hawamo.

Pasiansi kwa Mama Ndizi

Naomba kuuliza la maisha. Kuna kiwanja nimeonyeshwa Luchelele, ziwa unalishika kwa mkono, bei ya kutupwa. Mwenye nacho anasema maji yalifika pale 2020 kwa sababu ya Jinja, sasa hivi "wameshaongea", hayatarudi.

Mwalimu wa Magu

Kimbia. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na baada ya yote yaliyoandikwa hapa, unamuuliza muuzaji mwongo, wakati ziwa lenyewe lilishaweka alama ukutani?

Pasiansi kwa Mama Ndizi

Ameshashusha bei mara mbili toka jana 😂

Mtu wa Kyaka

Jabali malizia huko chini basi, ukishatoka Jinja. Na lile bwawa la Ethiopia linatugusa?

Jabali la Capripoint

Chini ya Jinja maji yale yale yanafanya kazi tena na tena. Bujagali, megawati 250, tangu 2012, iko kama kilomita 8 tu kutoka Nalubaale. Isimba, 183, mwaka 2019. Kisha mto unapita Ziwa Kyoga, unafika Karuma, megawati 600, iliyozinduliwa Septemba 2024. Baada ya hapo Maporomoko ya Murchison, Ziwa Albert, ambako Semliki inaleta maji ya upande wa Kongo, halafu Nimule na kuingia Sudani Kusini. Pale kuna Sudd, bwawa la mafunjo ambalo linanywa karibu nusu ya maji yote yaliyotoka kwetu. Walianza kuchimba mfereji wa Jonglei mwaka 1978 ili kulikwepa. Vita vikausimamisha miaka ya 1980 na mtambo wa kuchimbia umebaki porini. Mto unaendelea mpaka Khartoum, unakutana na Nile ya Bluu.

Uganda kuwa na mabwawa matano kwenye mstari mmoja kunabadilisha kitu kimoja kwetu, na hapa ndipo tungepaswa kuwa macho: Bujagali, Isimba na Karuma zote zinasubiri Nalubaale na Kiira ziachie. Ukame ukija, kishawishi cha kufungulia kuzidi mchoro ni kikubwa kuliko 2006, kwa sababu kila tone sasa linauzwa mara nne. Mwaka wa kuwapigia kelele Jinja ni mwaka wa kiangazi.

La Ethiopia, lile la megawati 5,150 lililozinduliwa Septemba 2025, liko Nile ya Bluu. Maji yake yanatoka Ziwa Tana na milima ya Ethiopia, yanakutana na yetu Khartoum, tena ndiyo mengi kuliko yetu kwa mbali. Kwa kimo cha ziwa hapa Mwanza, halitugusi.